Miguu ya Darubini ya Kaka

Mtu akiniuliza leo achague miguu gani ya kusimamishia darubini ya kuwindia, namjibu vizuri, maana najua. Namwambia aachane na rangi na maneno ya muuzaji, aibebe kwanza. Aitie begani azunguke nayo mtaa mzima juani. Ikianza kumchimba bega kabla hajarudi alikotoka, basi porini ataichukia kufikia saa nne asubuhi, na kitu unachokichukia hukitunzi. Kisha aifungue na kuifunga mara kadhaa huku amefumba macho, asikilize. Ikilia kaa-kaa kama vijiko kwenye sinia, airudishe ilikotoka. Halafu aitazame ile nguzo ya katikati inayopanda na kushuka. Wauzaji huisifia sana nguzo hiyo. Ni ugonjwa mtupu. Ukiipandisha, darubini yote inakaa juu ya fimbo moja, na upepo wowote unaitikisa.

Hayo ninayasema bila kigugumizi. Lakini kuna swali linalotakiwa kuulizwa kabla ya hayo yote, na sisi tuliulizwa na mtu mmoja tu, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tukamcheka mpaka machozi yakatutoka.

Mimi na kaka yangu tulikuwa wafuata nyayo, au matraka kama wanavyotuita kambini. Mimi bado ndiyo kazi yangu. Kambi yenyewe iko ndani kabisa ya misitu ya Sikonge, huko ambako lami imeshakuacha zamani na unaobaki nao ni mbung'o. Wageni wanakuja msimu wa kiangazi na vibali vyao, na anayewaongoza ni mwindaji wa kampuni, mtu mwenye leseni na sauti ya chini. Gari linaachwa mbali. Kutoka hapo ni miguu. Mbele anatembea kaka, nyuma yake mwindaji, nyuma ya mwindaji mgeni anayehema, halafu mimi na mzigo wa maji na zana, na mwisho kabisa askari wa wanyamapori, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hatuui kisichoruhusiwa.

Kaka hakuwa traka tu. Alikuwa Jicho. Hilo ni jina la kazi pale kambini, na katika kila kundi Jicho ni mmoja. Mwindaji haulizi "umeona nini?" Anauliza, "Jicho anasemaje?" Jicho akisema dume, ni dume. Akisema tusubiri, watu wenye hela zao wanakaa chini kwenye majani makavu na kusubiri. Kaka aliipenda heshima hiyo kupita kiasi, sitamficha. Alikuwa na maringo. Alikuwa anaweza kukuonyesha sikio la nyati ndani ya kichaka, wewe unakodoa macho mpaka yanauma, naye anakutazama kwa huruma kama mwalimu anavyomtazama mtoto asiyejua kusoma. Mkewe alikuwa akisema kwamba mumewe anaona sikio la nyati kilomita nzima lakini haoni ndoo tupu iliyo mbele yake. Tulikuwa tunacheka kwa hilo pia. Nikiyakumbuka sasa, naona nyumba nzima ilikuwa inacheka.

Darubini aliipata kwa mgeni mmoja mzee aliyekuja kwa miaka mingi na siku moja akasema magoti yamemshinda, hatarudi tena. Wakati wa kuagana alimkabidhi kaka darubini yake ya jicho moja, ile ndefu, nzito kama chupa iliyojaa mchanga. Miguu yake hakumpa. Pengine aliisahau, pengine ana darubini nyingine huko kwao inayoihitaji. Kaka aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa, darubini ya namna ile haishikwi mkononi. Inavuta mbali sana, na kadiri inavyovuta ndivyo inavyokuza hata mapigo ya moyo wako. Ukiishika, mnyama anaogelea. Lazima isimame juu ya kitu kisichopumua, na sababu ya kusumbuka hivyo ni pofu.

Asiyemjua pofu amfikirie ng'ombe aliyekataa kufugwa. Ni mkubwa, wa rangi ya vumbi, na tatizo lake ni kwamba dume ana pembe na jike ana pembe, tena za jike mara nyingi ni ndefu zaidi. Anayeruhusiwa kupigwa ni dume tu. Dume mzee utamjua kwa unene wa pembe penye shina, kwa ngozi inayoning'inia kooni, na kwa kishungi cha nywele nyeusi kwenye paji la uso. Ukiwa karibu unamjua kwa kitu kingine: anapotembea, miguu yake inalia, ka, ka, ka, kama mzee anayevunja vidole. Lakini karibu ni shida kufika, kwa hiyo unakaa juu ya kichuguu ng'ambo ya mbuga na kuamua ukiwa hukohuko mbali. Jicho akikosea hapo, jike anakufa, askari anaandika, kampuni inaitwa kujieleza, na Jicho anaacha kuwa Jicho. Hakuna cheo cha Jicho wa zamani. Anakuwa mtu wa kijijini mwenye hadithi.

Kwa hiyo tukatafuta miguu.

Ya kwanza tuliinunua Tabora mjini kwa mpiga picha mmoja aliyekuwa anafunga studio, kwa kuwa simu zilimnyang'anya wateja wote, wakabaki wa picha za pasipoti. Ilikuwa nyepesi na inakunjika vizuri, nami niliipenda. Ilikuwa takataka. Ukielekeza darubini kwa mnyama na kukaza skrubu, kichwa kilikuwa kinashuka polepole, kwa adabu, kama mtu anayesinzia kanisani. Kaka alikuwa anamtafuta mnyama, anampata, anainua uso kumwambia mwindaji, akirudisha jicho mnyama hayupo.

"Inahama," akasema kaka.

Mimi mwenyewe nilichungulia nikaona kweli inahama. Neno hilo likaingia kwetu likiwa na ushahidi, na likishaingia hivyo halitoki.

Ya pili tuliipata kwa wapima ardhi, wale wanaosimama kando ya barabara na vifaa vyao wakati nchi nzima inachimbwa. Ilikuwa imechoka kwao lakini kwetu ilikuwa mpya: miguu minene, ncha za chuma za kuchoma ardhini, rangi ya machungwa. Nilimwambia kaka hii hata tembo akiegemea haitaanguka. Haikuanguka. Ilitufundisha tu kwamba uimara peke yake si kitu. Niliibeba mimi, na ilipofika jioni bega langu lilikuwa na alama kama ya ng'ombe aliyechomwa chapa. Rangi tuliipaka masizi, lakini vifungo vyake vya chuma vilipopigana, kongoni wa bonde zima waliinua vichwa kwa pamoja. Mwindaji alimtazama kaka bila kusema kitu. Kwa mtu kama yule, hayo yalikuwa matusi.

Lakini nililotaka kusema kuhusu hiyo ya pili si kelele. Ilikuwa imechomwa ardhini, upepo umelala, mimi nimechungulia nikamwona pofu amesimama kwenye kivuli bila kutikisika hata unywele. Nikampisha kaka. Akaweka jicho, akahangaika, akasogeza, akasogeza tena.

"Inahama."

"Kaka, haihami hii. Nimetoka kuiangalia sasa hivi."

"Mdogo wangu, nani ni Jicho hapa?"

Nikanyamaza. Kwetu mdogo akiambiwa hivyo ananyamaza, na mimi nilikuwa nimelelewa vizuri. Nikajiambia kwamba mtu mwenye kipaji huwa na usumbufu wake, kwamba anachokihisi yeye mimi sina macho ya kukihisi. Ndivyo nilivyofikiri kwa maneno hayohayo, na leo nayaonea aibu.

Ya tatu tuliamua itengenezwe. Kuna fundi seremala mjini, ana karakana nyuma ya soko, anatengeneza vitanda vya mninga ambavyo wajukuu watavirithi. Ni Mzaramo, alikuja Tabora na treni akiwa kijana akaoa hapahapa. Mzaramo kwetu sisi Wanyamwezi ni mtani. Babu zetu walikuwa wanabeba pembe na nta mpaka pwani, wakifika huko wanakutana na babu zao; wakagombana, wakauziana, wakazikana, na mwisho wakabaki wanataniana, na utani huo tumeurithi kama wengine wanavyorithi shamba. Mtani wako anaweza kukuambia chochote. Anaweza kuingia kwenye msiba wako akalala pale alipokuwa amelala marehemu na kudai uji. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na aibu ni yako.

Siku tuliyomwendea alituona tangu mlangoni.

"Wapagazi hao! Mzigo mmeutua wapi leo?"

"Tumeutua kwa mkeo," kaka akamjibu. "Kasema nyumba haina mwanamume wa kuunyanyua."

Ndivyo wanavyosalimiana hao wawili. Fundi ni mdogo kwa kaka, ilibidi aseme shikamoo, lakini sijawahi kumsikia akiisema. Shikamoo ni ya watu wasiopendana kiasi hicho.

Kaka akaeleza anachotaka. Miguu mitatu ya mninga, isiyokuwa na nguzo ya katikati. Urefu wa jicho la mtu aliyekaa chini, kwa sababu anayechungulia amesimama anaonekana na dunia nzima. Kila kiungo kivalishwe ngozi kisilie. Juu iwekwe kichwa cha chuma, tuking'oe kwenye ile ya wapima ardhi tukikate na kukipunguza. Kaka akamkumbusha jinsi babu zetu walivyofunga mizigo yao na vijiti virefu vilivyotokeza chini, ili mpagazi akichoka aegemeze mzigo kwenye mti bila kuutua, na akitaka kuondoka auchukue bila kusaidiwa na mtu. Alitaka kitu cha namna hiyo, kinachosimama chenyewe. Fundi alisikiliza vizuri. Ni mtani, lakini kwenye mbao hana mzaha.

Wakati wanapima, fundi alimnyooshea kaka kikombe cha chai kutoka ubavuni. Kaka hakukiona. Alipogeuka, kiwiko kikakipiga, chai ikamwagika juu ya mbao. Kaka akaomba samahani, akainama kuokota kikombe, mkono wake ukapapasa sakafu pembeni kidogo ya kilipokuwa, kisha ukakipata. Fundi alikuwa ameshika penseli. Akaiweka sikioni.

"Jamani," akasema, "njooni muone maajabu. Kipofu anatafuta pofu!"

Karakana ikalipuka. Vijana wake waliacha randa. Kaka alicheka kuliko wote, akajipiga paja.

"Na wewe Mzaramo unatafuta nini? Usingizi?"

"Nisikilize, mtani," fundi akasema, na sasa yeye hakuwa anacheka. "Miguu nitakutengenezea. Lakini miguu unayo. Macho je?"

Tukazidi kucheka. Nakumbuka nilishika ukingo wa kitanda kisichomalizika nisije nikaanguka. Aliyatamka kwa uso mkavu, na sisi tukadhani ndiyo ufundi wenyewe wa mtani, kukausha uso. Akatutazama mmoja mmoja, kwanza kaka, kisha mimi, akasubiri. Halafu akachukua penseli sikioni akaendelea kupima.

Nimeuchukia utani tangu hapo, ingawa najua si kosa la utani. Lakini hebu niambieni, desturi gani hii inayompa mtu ruhusa ya kusema kila kitu kwa sharti la kutoaminiwa? Angekuwa daktari tungemwamini. Angekuwa jirani tungegombana naye, na mtu mkigombana naye maneno yake yanakurudia kitandani. Kwa kuwa alikuwa mtani, ukweli wake tuliufurahia kama wimbo, tukaondoka nao midomoni. Njia nzima ya kurudi kaka alikuwa anairudia, "kipofu anatafuta pofu," na kambini akawasimulia wenzetu, wakacheka nao. Kila mtu wa kambi ile aliambiwa, na aliyewaambia ni yeye mwenyewe.

Miguu ilipokuwa tayari, sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Ilikuwa ya rangi ya asali nzito, imepigwa msasa mpaka inateleza, viungo vimevaa ngozi ya mbuzi, chini ina vikanyagio vya mpira wa tairi. Ukiifungua hailii. Ukiisimamisha imesimama. Mbao zina faida hiyo ambayo chuma hakina: upepo ukizigusa, zinaumeza mtikisiko badala ya kuucheza. Na ilikuwa nyepesi kiasi cha kubebeka siku nzima bila kununa. Mtu akinisikia nikiisifia hivi atadhani nauza. Siuzi. Nasema tu kwamba ilikuwa sahihi, na kwamba usahihi wake haukutusaidia kitu.

Kaka aliisimamisha mara ya kwanza juu ya kichuguu, akakaa nyuma yake, akaweka jicho na kutulia kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kulisikia lile neno.

"Sasa imetulia," akasema.

Nilifurahi. Niliwapigia hata simu nyumbani tulipofika penye mtandao. Leo nadhani hakuwa ameona chochote cha kutulia. Alikuwa ameishiwa tu na kitu cha kulaumu.

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi ya kawaida. Majani yalikuwa yameungua, miyombo ilikuwa inaanza kutoa majani mapya mekundu, jua limetoka upande wa mbele yetu. Mgeni alikuwa mtu mpole, alikuwa ananipa pipi. Tulikata nyayo za pofu wengi, mbichi, tukazifuata mpaka ukingo wa mbuga, na huko ng'ambo tukaona migongo kwenye kivuli cha miti. Tukapanda kichuguu kwa matumbo. Nikamsimamishia kaka miguu. Akakaa.

Wanyama walikuwa wanasogea polepole, wanakula kuja upande wetu. Mwindaji alikuwa na darubini yake ndogo ya macho mawili lakini jua lilikuwa linamwingia. Akasubiri. Sote tulisubiri, na kimya kilikuwa kikubwa kiasi kwamba niliusikia mlio hata mimi, kutoka kwenye miti mizito upande wa kulia. Ka, ka, ka. Dume mzee anatembea.

"Jicho anasemaje?" mwindaji akanong'ona.

Kaka hakutoa uso kwenye darubini.

"Dume," akasema. "Kulia. Peke yake, mbele ya mti wenye matawi mawili."

Kulikuwa na pofu kweli mbele ya mti wenye matawi mawili. Mimi nilikuwa nimeshashuka chini ya kichuguu, nilikuwa naona kichwa na pembe tu juu ya vichaka. Pembe ndefu. Mwindaji akamgusa mgeni bega, wakashuka, wakasogea kwa kuinama mpaka penye nafasi ya risasi, mgeni akaweka bunduki kwenye vijiti vyake vya kuiegemezea akapiga. Kundi likatimka. Na katika kutimka huko, kwenye miti mizito nyuma kabisa ya yule aliyeanguka, likatoka dume, jeusi shingoni, lina ngozi kooni kama pazia, likapita huku miguu yake inalia, tukalisikia mpaka likapotea.

Tulivuka mbuga. Aliyelala alikuwa jike. Alikuwa ananyonyesha. Maziwa yalikuwa yanamtoka kwenye vumbi.

Askari akatoa kofia akaivaa tena. Mgeni aliuliza kitu kwa lugha yao, mwindaji akamwashiria asubiri. Kaka ndiye aliyefika mwisho. Alikuwa ameibeba miguu mwenyewe begani, amekataa kunipa. Alisimama akaelekeza uso kwa mnyama, na wote tukawa tunamtazama yeye.

"Si nilisema?" akasema. "Dume huyo. Nimemsikia."

Nililiona lile neno likimrudia mwenyewe usoni. Nimemsikia. Akapiga magoti, akatandaza kiganja chake tumboni mwa mnyama, akapapasa mpaka kikafika penye maziwa, na hapo akakiacha.

Mwindaji alikuwa mtu wa haki, sina la kumsema. Hakupiga kelele. Alimwita kaka pembeni, akamwekea vidole mbele ya uso, kisha akavipeleka pembeni polepole akimwambia amwambie vinapopotea. Vilipotea mapema sana. Havikuwa vimefika hata usawa wa sikio. Siku ileile gari likamrudisha kaka, nami nikaruhusiwa kumsindikiza.

Hospitalini walituambia ni presha ya macho. Sikuwahi kujua kwamba macho nayo yana presha. Daktari, binti mdogo aliyetuamkia vizuri, alisema ugonjwa huo hauumi, ndiyo ubaya wake. Unaanza kula pembeni, unamwachia mtu katikati, na mtu mwenye katikati nzuri anajiona mzima. Akigonga ndoo analaumu ndoo. Kaka alikuwa amebakiwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Mnyama hakuwa anahama. Yeye ndiye aliyekuwa anainua uso na kushindwa kurudi kwenye tundu lake.

"Kilichokwenda hakirudi," daktari akasema. "Tutajaribu kulinda kilichobaki."

"Nikiwa na darubini je?" kaka akauliza. "Ninayo nzuri. Ina miguu mizuri sana."

"Hata kwa darubini, baba."

Hatukufanikiwa hata kukilinda kilichobaki. Dawa ya matone aliitumia kwa uaminifu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona na dawa, mkewe akimtilia, yeye amelaza kichwa kama mtoto. Kanisani walimwekea mikono. Wazee wa upande wa mama walileta mizizi, akanywa. Jicho la kushoto likafuata la kulia. Sikulia hospitalini. Nililia Sikonge stendi, mbele za watu, baada ya mtu wa bodaboda kumpigia kaka honi na kumtukana: "We mzee huoni?" Nilimshika yule kijana shati, nikashikwa na watu. Kaka alikuwa anasema, mwache, mwache, kauliza swali la kweli.

Darubini ninayo mimi. Mwindaji alisema nichukue nafasi, nikachukua, kwa sababu nyumba mbili zinanitegemea. Wananiita Jicho. Kila wakiita, nageuka kwanza kumwangalia anayeitwa.

Miguu nilimwachia kaka. Mwanzoni ilikuwa imeegemezwa ukutani, naye alikuwa anaipapasa kila anapopita, akiifungua na kuifunga, akisikiliza. Halafu mkewe, mwanamke asiyependa kitu kikae bure, akaitoa uani akaweka beseni la kunawia juu yake, karibu na mlango wa jikoni. Nilikasirika nilipoiona. Akaniambia, "Shemeji, hapa akinyoosha mkono anapata maji. Kitu kingine chochote watoto wanakihamisha. Hiki nimewaambia wasikiguse." Inakaa palepale. Haihami.

Nilimpitia fundi karakanani kwake niliporudi mjini. Akanipokea kwa kelele zake, wapagazi hao, miguu inaendeleaje, imekimbia au bado ipo? Nikamweleza. Alikuwa anapiga randa. Aliendelea kupiga randa mahali palepale mpaka mbao ikaingia shimo, kisha akaizima taa ya mezani aliyokuwa akifanyia kazi.

"Niliwaambia," akasema.

"Ulituambia."

"Niliwaambia kwa utani."

"Ungetuambia vipi tena? Wewe ni mtani."

Jumapili iliyofuata tulipanda basi pamoja mpaka Sikonge. Njiani hakusema kitu, nami nikawa najipa moyo kwamba anajipanga. Nilijua kaka anamsubiri. Nilikuwa nimempigia simu kumwambia mtani anakuja, na mkewe aliniambia kwamba tangu alfajiri amevaa shati la kanisani na anajisemea majibu peke yake, anacheka. Tangu arudi, watu wote walikuwa wanazungumza naye kwa sauti za hospitalini. Alikuwa na njaa ya kutukanwa.

Tulimkuta uani kwenye kiti. Alisikia lango akainua uso, tabasamu limeshakaa tayari. Beseni lilikuwa kando yake juu ya miguu ile ya mninga. Fundi aliiona. Kazi yake nzuri kuliko zote, imebebeshwa beseni la plastiki lenye maua. Mtani wa kweli angepata hapo maneno ya mwaka mzima. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho. Kaka naye alikuwa amegeuza sikio, mwili mzima umeinama mbele kidogo, kama alivyokuwa anainama nyuma ya darubini.

Fundi akavua kofia.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Kaka akaendelea kutabasamu, akisubiri iliyobaki.

"Haya, mtani," akasema. "Malizia."

"Ndiyo hiyo tu, kaka. Shikamoo."

Kuku walikuwa wanadonoa chini ya beseni. Kaka alinyoosha mkono, akalipata, akanawa uso polepole, akaufuta na mkono wa shati lake la kanisani.

"Marahaba," akaitikia. Kisha akaniomba nimwingize ndani.